Mkufunzi akikufokea kwenye rivasi, simamisha gari kwanza

Dereva_Changamwe

Asalaam aleikum madereva, matanboi (wasaidizi wa dereva), na nyote mnaosaka leseni ya CE, ile ya lori lenye trela.

Uzi huu ni wa mtu ambaye leseni anayo, kazi ya kontena ameshapata, lakini kila akitia rivasi mkufunzi aliyeketi kushoto kwake hupiga makelele mpaka hajui tena mkono upi ni upi. Nimeyapitia hayo kwenye yadi moja huku Changamwe, Mombasa, kampuni siitaji, na tangu nianze kuendesha mwenyewe nimekutana na wengi waliofunzwa vivyo hivyo. Ninalotaka kusema ni moja: anayejifunza kurudisha trela ana haki ya kusimama wakati wowote, na mkufunzi anayemnyima kusimama hamfundishi, hata kama yeye mwenyewe ni bingwa.

Na wangu alikuwa bingwa kweli. Alikuwa akiingiza trela ya kontena ya futi 40 katikati ya kontena mbili, usukani ameshika kwa mkono mmoja, bila kusogea mbele kujirekebisha. Tatizo ni kwamba ujuzi wake ulikuwa mikononi, mdomoni mlikuwa na amri tu. "Kata kulia! Kata yote! Nyosha! Rudisha, rudisha, mbona husikii wewe?" Nilikuwa nikisikia, na nilitii kila neno. Lakini mtu anayengoja amri macho yake hutoka kwenye kioo yakaenda kwa anayemwamuru, na rivasi yote iko kwenye kioo. Mzee akishuka kwenda kunywa chai, aliyefunzwa namna hiyo hubaki na usukani asiojua aufanyie nini, kwa sababu siku zote ameendesha kwa masikio.

Sasa tuseme kinachotokea pale nyuma, maana wengi hawaelezwi. Kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, na trela vimeshikana mahali pamoja tu: kingpini, ile pini ya chuma chini ya pua ya trela, ndani ya sahani iliyo mgongoni mwa kichwa. Ukienda mbele trela huvutwa, ikafuata. Ukirudi nyuma unaisukuma kwenye kiungo kinachozunguka. Ukikata usukani kulia, nyuma ya kichwa huenda kulia, huisukuma pua ya trela kulia, na mkia wa trela huenda kushoto. Aliyewahi kurudisha mkokoteni wa maji kwa kusukuma mpini analijua jambo hili mwilini mwake. Kwa mwanafunzi, njia nyepesi ni kushika usukani kwa chini, karibu na mapaja, kisha mkono uende kule unakotaka mkia uende. Mkono kushoto, mkia kushoto.

Hilo hufahamika upesi. Gumu ni lile linalofuata. Trela ikishaanza kupinda, haingojei usukani. Hata ukinyosha matairi ya mbele, pembe huzidi kukua. Inabidi uifuate, yaani ukate upande wa pili ili kichwa kiende nyuma ya trela kama kinaifukuza. Na jibu la trela huchelewa. Unakata, huoni kitu, unakata zaidi, huoni kitu, kisha yote uliyokata yanakuja kwa pamoja na trela inajikunja mpaka kona ya kabini inakaribia kugusa kontena na mipira ya upepo imevutika. Hapo ndipo amri za mkufunzi zinapodhuru zaidi. Yeye anaona pembe inakua, anapaza sauti, sauti inafika, mkono unatii, trela nayo inachelewa kujibu. Anadhani hukusikia, anapaza zaidi, nawe unakata mara mbili. Kwa hivyo kelele zenyewe ndizo zinazoikunja trela.

Dawa ni kusimama. Ukisimama pembe haikui. Unatazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, unajiuliza mkia uko wapi na unataka uende wapi, ndipo unaondoka tena. Kwa gari la gia za mkono, rivasi ya chini, klachi umeiachia, injini ikivuta kwa mlio wake wa kawaida bila kukanyaga mafuta. Ukiona mwendo huo ni wa kasi, simama tena.

Na kusogea mbele ni sehemu ya rivasi. Mzee wangu alikuwa akiona kusogea mbele ni fedheha. Ukweli ni kwamba metro chache mbele hunyosha trela kuliko kupigana na usukani ukiwa umeshajikunja.

Tafadhali changieni, hasa mlio kazini.

Mzee_wa_Mariakani

Wa aleikum salaam mwanangu. Umesema vizuri kuhusu trela, lakini kuhusu mkufunzi sikubaliani nawe.

Sisi tulianza utanboi, tukaosha magari, tukabadilisha matairi juani, na aliyetufunza hakuwa na lugha laini. Leo tunaendesha mpaka Malaba, mpakani na Uganda, na kuvuka. Nikuulize: siku utakapofika godauni la Shimanzi, nyuma yako malori matatu yanapiga honi, msimamizi amesimama mlangoni anakuuliza kama umetumwa na kampuni au umeliiba gari, jua la alasiri limo ndani ya kioo, nani atakuambia pole pole? Mkufunzi mpole anakutayarishia kazi isiyokuwepo hapa Mombasa. Ukali ni sehemu ya mafunzo. Asiyestahimili mtu mmoja ndani ya kabini atastahimili vipi watu kumi nje?

Dereva_Changamwe

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kuja, na hoja yako ni nzito, kwa hivyo nitaijibu sawasawa.

Ni kweli kelele zipo kazini na dereva lazima azizoee. Lakini kuna mpangilio. Wa honi kule nje hana mamlaka juu yako. Hatii saini kitabuni mwako, hapeleki habari zako ofisini, hawezi kukutoa kwenye gari. Unaweza kumwacha apige honi. Mkufunzi ana mamlaka yote hayo, ndiyo maana sauti yake huingia mpaka mikononi. Mtu afunzwe kwanza kuona, kisha aletewe kelele. Akianza na kelele, anachojifunza ni kuharakisha ili kelele ziishe.

Na nitofautishe jambo. Mkufunzi akipiga ukelele wa "Simama!" kwa sababu kuna mtu nyuma, huo siuiti ukali. Huo ni wajibu wake, na aupige kwa nguvu zake zote. Ninalolikataa ni kufoka kwa kila kipimo cha usukani.

Tanboi_Miritini

Naomba niingie, kwa sababu mnazungumza ya ndani ya kabini na mimi ndiye ninayesimama nyuma.

Kontena ya futi 40 ina metro 12.19 kwa urefu na 2.44 kwa upana. Ukiwa nyuma yake dereva hakuoni kabisa. Anakuona ukisimama pembeni tu, ndani ya kioo. Kazi yangu ni kukaa pale anaponiona na kumpa ishara, na kama kuna ukuta au mtu, kupiga ubavu wa kontena na kupaza sauti. Sasa ndani kuna mkufunzi anafoka, redio imewashwa, vioo vya dirisha vimepandishwa kwa sababu ya AC. Mimi napiga bati la kontena, hakuna anayesikia. Nimewahi kuruka pembeni trela ikija, na dereva alikuwa anamtazama mkufunzi.

Wallahi kila mtu hapa anazungumzia heshima ya dereva na ukali wa mzee. Anayekaa kati ya trela na ukuta ni tanboi. Akibanwa hapo, hakuna cha kurekebisha.

Kwa hivyo mimi nina masharti yangu, na dereva yeyote ninayefanya naye kazi huyasikia kabla hajatia rivasi. Redio izimwe. Dirisha zote mbili ziteremshwe. Mwenye kutoa ishara ni mmoja, mimi, hata kama mlinzi na wapakuzi wote wanapunga mikono na kuita "njoo, njoo, njoo." Tuelewane ishara za mikono tukiwa chini, si gari likiwa linatembea. Na kubwa kuliko yote: ukinipoteza kwenye kioo, simama papo hapo. Usidhani nimehamia upande wa pili. Simama mpaka unione.

Mkufunzi akisema endelea na mimi sionekani, msikilize nani? Mimi nasema simama.

Dereva_Changamwe

Ndugu yangu, hili ndilo nililokuwa nikilitafuta na sikuweza kulisema vizuri kama wewe. Ndani ya kabini yenye kelele sauti ya nyuma hufa. Nawaomba wote mnaosoma haraka haraka msome ujumbe wa huyu kijana kwanza kabla ya wangu.

Binti_wa_Jomvu

Shikamoo Mzee wa Mariakani. Kaka Changamwe na kaka Miritini, salamu.

Mimi najifunza sasa. Leseni ninayo, gari ni la futi 20 na mara nyingine futi 40. Mkufunzi wangu ana maneno mengine juu ya yale mliyotaja, ya kuniuliza mume wangu yuko wapi na nimekosa nini nyumbani. Hayo nimeyazoea, na nimemwambia wazi kwamba sikuja kwake kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Swali langu ni la gari. Nikichelewa kukata, yeye hunyosha mkono akashika usukani nami nikiwa nimeushika. Nifanyeje hapo? Nikimwachia, anageuza apendavyo na sifahamu alichofanya. Nikimzuia, tunavutana gari likienda.

Na pili, mbona futi 20 inanishinda kuliko 40? Nilitarajia fupi iwe rahisi.

Dereva_Changamwe

Dadangu, la kwanza: mguu kwenye breki. Usivutane wala usiachie. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, kisha mwambie kwa heshima, "Mzee, gari limesimama. Nieleze unachotaka nifanye." Watu wawili hawawezi kurudisha trela moja. Akitaka kukuonyesha, mbadilishane viti, akae yeye, uone tangu mwanzo hadi mwisho, nawe utazame vioo vyako na si mikono yake. Akirudia kushika, simama tena. Utachelewesha kazi, naye atachoka kushika kabla wewe hujachoka kusimama.

La pili: trela fupi hujibu upesi. Matairi yake ya nyuma yako karibu na kingpini, kwa hivyo kidogo unachokata kinapindisha pembe kubwa mara moja. Ndefu ni nzito kuanza kupinda, lakini inakupa muda wa kuona. Kama unaweza kuchagua, jizoeze na futi 40 tupu kwanza, kisha ndiyo uje kwa 20.

Na usiruke hatua ya mstari ulionyooka. Wakufunzi wengi huidharau. Rudi nyuma moja kwa moja, kutoka mwisho wa yadi hadi mwisho, ukigusa usukani kidogo sana. Ubavu wa trela ukianza kuonekana zaidi kwenye kioo cha kulia, kata kidogo kulia, utarudi. Ukionekana zaidi kushoto, kata kidogo kushoto. Kioo kinakuambia upande, wewe unaufuata. Mwenye kuweza hili bila haraka, kuingia mlangoni kwa pembe hakutamtisha.

Kichwa_na_Mkia

Mimi ni mkufunzi. Nimesoma uzi wote na sitajitetea kwa ukali, lakini nataka mjue unatoka wapi.

Kwenye kampuni nyingi za hapa mkufunzi si mwalimu aliyeajiriwa kufundisha. Ni dereva wa siku nyingi aliyepewa mtu akae naye. Malipo yake ni ya safari. Kontena ikichelewa kurudishwa yadi, yeye ndiye anayepigiwa simu. Mwanafunzi akigonga nguzo au akivunja taa, anayeitwa ofisini kwanza ni yeye, na mara nyingine anaambiwa pesa itatoka kwenye mshahara wake. Sasa huyo mzee ameketi kiti cha kushoto, hana usukani, hana breki, na kila inchi trela inayokwenda vibaya anaiona kama inakata mshahara wake. Atapiga kelele. Mimi mwenyewe nimeona wazee watulivu mno barabarani wakibadilika kabisa wakikaa kiti hicho.

Kilichonisaidia kufundisha kwa utulivu ni kuomba saa ya mazoezi gari likiwa tupu, yadi ikiwa na nafasi, Jumapili asubuhi, hakuna kontena inayosubiriwa. Makopo ya rangi au matairi chakavu yapangwe kama mlango wa godauni. Mwanafunzi akigonga kopo, amegonga kopo. Hapo hata moyo wangu hauendi mbio. Kampuni inayotaka dereva mzuri itoe saa hiyo na mafuta yake. Kumfundisha mtu rivasi kwenye mlango wa mteja, mbele ya foleni, ni kumdhulumu mwanafunzi na mkufunzi pia.

Karani_Shimanzi

Niongeze kuhusu hilo la kukatwa mshahara, maana watu huogopa bila kujua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Anayejifunza aliyegusa nguzo kwa mwendo wa kutambaa, na mkufunzi aliyeketi pembeni yake, hawakukusudia. Na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Ukiambiwa utalipa, omba uandikiwe sababu, usitie saini karatasi usiyoielewa, na uwaone watu wa chama chenu au ofisi ya leba.

Dereva_Changamwe

Ahsanteni sana nyote wawili. Mkufunzi, umenifungua macho. Nilikuwa namwona mzee wangu kama mtu mwenye roho ngumu, na sikuwahi kuuliza ofisi inamtwisha nini. Bado nasema kelele zake zilikuwa na madhara, lakini sasa naona lawama kubwa ni ya waliomkalisha pale bila saa ya mazoezi na bila hakikisho.

Kwa vitendo, hivi ndivyo ningefanya leo nikikabidhiwa kwa mkufunzi mkali. Kabla injini haijawashwa ningemwambia: "Mzee, nitakuwa nikisema kwa sauti ninachokiona kwenye vioo. Nikisema uongo, niambie simama. Neno hilo moja tu nitalitii papo hapo." Kisha ningesema kweli: mkia uko kushoto sana, nakata kulisawazisha, naona mstari, tanboi namwona. Mkufunzi anayesikia unachokiona hutulia, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu yake ni kutojua kama umeona.

Na kushuka. Ukifika mahali pageni, vuta breki, shuka, tembea mpaka nyuma. Tazama nyaya juu, mtaro, nguzo, ukingo wa paa la godauni. Kontena ndefu za kimo zina metro 2.9 badala ya 2.59, na tofauti hiyo ndogo imeng'oa mapaa. Ndani ya bandari yenyewe usishuke ovyo, fuata maelekezo yao na uvae kizibao na viatu, kule mashine ni kubwa kuliko wewe. Lakini kule rivasi ni chache, kreni za matairi hukupakia ukiwa kwenye laini. Mtihani wenyewe uko kwenye yadi za kontena na magodauni.

Mzee_wa_Mariakani

Nimesoma. Mwanangu wa Miritini amenigusa, kwa sababu mimi pia nilisimama nyuma kabla sijakaa mbele. La redio na dirisha nakubaliana nalo bila kupunguza kitu. La upole bado nina yangu moyoni, lakini Kichwa na Mkia amesema kweli kuhusu kiti cha kushoto.

Niwape jambo moja la kazi. Sisi Kenya tunakaa kulia. Basi kila ukiweza, lipange gari ili mkia uingie upande wa kulia, upande wako. Unatoa kichwa dirishani unaona kona ya nyuma mpaka tairi la mwisho. Ukiingiza kushoto, kioo cha kushoto kinajaa ubavu wa kontena, kona ya nyuma huioni, na kioo cha kulia kinakuonyesha uwanja mtupu. Ni afadhali kuzunguka yadi nzima uje na upande wako kuliko kuingia kwa upande usiouona. Huko kuzunguka ndiko kunakomtenga dereva na mwenye papara.

Binti_wa_Jomvu

Ahsante mzee, ahsante kaka zangu.

Nimemwambia mkufunzi wangu lile la neno moja. Alikasirika, akasema mimi ndiye ninayemfunza sasa. Nikanyamaza, nikawasha gari, nikaanza kusema ninachokiona. Kazi iliyobaki ya siku hiyo alizungumza kidogo kuliko siku zote. Mkono kwenye usukani alileta tena, nikasimamisha, akautoa mwenyewe. Upande wa kulia sasa naingia. Kushoto bado, nikifika nusu nampoteza tanboi na sijui niko wapi. Wiki ijayo wanataka kunipeleka godauni ambalo lango lake linaingilika kwa kushoto tu.

Dereva_Changamwe

Dada, mwambie msimamizi wako leo, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, kwamba kushoto bado hujamaliza na unaomba dereva mwingine apeleke kontena hiyo, wewe ukae naye uone. Hilo ni ombi la kawaida la kazi. Wakikataa, nenda mapema kabla ya foleni, shuka uangalie, tanboi asimame kushoto mbele kidogo ya kona ya nyuma ili abaki ndani ya kioo muda mrefu, na gari likijikunja usilazimishe, toka mbele mpaka linyoke ndipo uanze upya. Ukimpoteza, simama.

Tanboi_Miritini

Na umwambie tanboi wako asitembee kinyumenyume akikuongoza. Asimame, akupe ishara, akitaka kuhama akusimamishe kwanza.